Fundi Aliyeapa Kuwa ni Mwongo

Fundi Mitwalli Abu Dahab alishuka kwenye gari la polisi akiwa na pingu, na neno lake la kwanza lilikuwa la kuwakemea askari waliobeba jeneza.

"Inueni upande wa miguu. Rangi hiyo nimeikoroga na ute wa yai, ikikwaruza ukuta inabanduka yote."

"Ami, wewe ni mshitakiwa," Sajini Bakhit alimkumbusha huku jasho likimtiririka chini ya kofia.

"Mshitakiwa ni mimi. Jeneza halijakosa kitu."

Meja Wagdi Sarhan aliwashikia mlango wa nyuma wa hospitali mpaka wote wakapita. Alikuwa ametumikia polisi ya mambo ya kale tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na katika muda huo alikuwa amekamata watu wa kila aina waliolia kwamba walichouza ni halali. Mitwalli alikuwa wa kwanza kumwapia kwa jina la Mungu kwamba alichouza ni cha uwongo.

Jeneza lilikuwa limekamatwa mwanzoni mwa wiki, kwenye kizuizi cha barabara kuu ya kaskazini, katika lori lililosheheni vitunguu na kuelekea Iskandaria. Ndani yake mlikuwa na mumia, mfano wa maiti zilizokaushwa za enzi za Firauni, amefungwa sanda toka utosini hadi nyayo, na usoni kavikwa sura ya jasi iliyopakwa dhahabu. Dereva alitoa karatasi yenye muhuri: kazi ya mikono, nakala ya kuiga, si mali ya kale. Ofisa wa kizuizi alinusa, akakunja pua, akaikataa karatasi.

Kama mumia yule alikuwa wa kweli, Mitwalli angemalizia umri wake gerezani. Kama alimtengeneza mwenyewe, basi kosa lake halikuzidi la mchonga vinyago. Kamati ya wataalamu iliketi, ikagawanyika. Mmoja alisema sanda ni ya kale kabisa. Mitwalli aliposikia hivyo alitabasamu kama bwana harusi, akasema hizo ni shuka kuukuu alizozichemsha kwenye majani ya chai. Mwingine, Ustadhi Fikri Lamlum, mtunza makumbusho ya Kasri la Halfawi pale Akhmim, ndiye aliyepiga ule muhuri, naye hakutaka hata kukaa. "Takataka," alisema. "Mrudishieni mwenyewe akauze." Mwendesha mashtaka akachoka na wote wawili, akamtaka Meja Wagdi alete jibu kabla ya kesho asubuhi, na bila kufungua hata uzi mmoja wa sanda.

Ndiyo maana walikuwa hospitalini.

Daktari Irini Sidhom, mkuu wa chumba cha picha, alikuwa amewaweka mwisho wa foleni ya mchana. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na aliwapokea kwa adabu zote, akimwita Meja kwa jina la heshima la Kimisri.

"Hospitali imepata nuru, Basha."

"Nuru ni yako, Daktari. Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani? Wagonjwa wangu wote hutikisika nikiwaambia watulie. Leo nimepata mmoja asiyetikisika."

Korido ilikuwa bado na watu. Ajuza mmoja aliyefungwa mkono kwa shali alisogeza miguu jeneza lipite, akalitazama kwa makini. "Huyo naye kaja kupiga picha?"

"Ndiyo, hajati," alisema Bakhit.

"Basi atangulie. Anaonekana kaumwa kuliko mimi."

Walimtoa mumia pamoja na ubao aliolazwa juu yake, wakamweka kwenye kitanda chembamba cha mashine. Daktari Irini akaketi mbele ya kompyuta.

"Mashine haikubali kuanza bila kujazwa. Jina?"

"Weka la Fundi Mitwalli," alisema Bakhit.

"Mimi sijafa," alisema Mitwalli.

"Liache wazi," alisema Wagdi.

"Umri?"

"Miezi minne," Mitwalli alijibu haraka. "Nilimmaliza baada ya Idi."

"Jinsia?"

"Mbuzi jike."

Daktari Irini akageuka, akavaa miwani. Wagdi alimwashiria mzee aendelee. Alikuwa amejifunza kwamba mtu anayejisifu kazi yake husema mengi kuliko anayeulizwa.

"Sikilizeni niwaambie mtakachokiona, ili mjue nani kafanya," alisema Mitwalli, naye akanyoosha mgongo. "Kifua ni cha mbuzi. Nilimkausha kwa chumvi juu ya paa mpaka majirani wakanishitaki kwa imamu. Kichwa ni gudulia la maji la udongo, la mji wa Qena, maana yale ni mepesi. Mikono ni mipini ya mafagio. Miguu pia mipini, nimeikata sawasawa, nikaweka mabonge ya jasi mwishoni yawe nyayo. Mkikuta kingine nifungeni."

"Umesikia, Bakhit? Andika," alisema Wagdi.

Wakatoka, wakasimama nyuma ya kioo kizito. Kitanda kikateleza taratibu kuingia kwenye lile duara jeupe, mashine ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Picha zikaanza kujengeka kwenye skrini, kipande baada ya kipande, kama mkate unaokatwa vipande vyembamba mno. Mfupa ulionekana mweupe, hewa nyeusi, na sanda kama pete za kijivu zilizoviringana.

Daktari Irini alipeleka kidole kwenye skrini, akakirudisha.

"Fundi," alisema, "gudulia lako lina meno."

Kwenye skrini fuvu la binadamu lilikuwa likijigeuza polepole, taya zimefumbwa. Lilifuata shingo, pingili kwa pingili. Zilifuata mbavu, nazo hazikuwa za mbuzi. Mikono ilikuwa imepishana juu ya kifua, na kila kidole kilikuwa mahali pake.

Wagdi hakuitazama skrini kwa muda mrefu. Alimtazama Mitwalli. Mzee alikuwa ameusogeza uso wake kwenye kioo mpaka pumzi yake ikatia ukungu.

"Mbuzi wangu yuko wapi?" aliuliza.

"Hilo ndilo la kuniuliza?"

"Basha, mimi nimeweka mbuzi. Wallahi nimeweka mbuzi. Kile cha dhahabu usoni ni changu, jeneza ni langu, lakini huyo mama simjui."

"Umejuaje ni mama?"

"Kwani si umeona nyonga?" alisema Mitwalli. "Nimechonga wanawake miaka yote."

Daktari Irini alithibitisha. Mwanamke, aliyepita miaka arobaini. Meno yamesagika, kama ya watu wote wa enzi zile waliokula mkate wenye mchanga. Ubongo ulitolewa kupitia puani, kazi safi. Kisha akashuka mpaka kwenye mapaja, akasimamisha picha.

"Hapa paja la kushoto lilivunjika vibaya. Halafu likaunga, lakini vibaya vilevile. Mfupa umepanda juu ya mwenzake. Mguu huu ni mfupi kuliko wa kulia. Upana wa vidole vitatu hivi."

"Alikufa kwa hilo?"

"Hapana. Mfupa umeshikana kabisa, umekuwa mnene. Aliishi nalo miaka mingi baadaye."

Wagdi aliandika neno moja: paja. Kisha akamchukua Mitwalli mpaka kwenye benchi la korido, akaagiza chai mbili, akamwamuru Bakhit amfungue mkono mmoja ili mzee aweze kushika glasi.

"Kuna mawili," alisema. "Ama wewe ni mwongo hodari kuliko wote niliowahi kukutana nao, ama kuna mtu kamtoa mbuzi wako akamtia huyu. Twende pole pole. Ulilifunga wapi jeneza?"

"Karakanani kwangu. Aliyeagiza ni mtu wa simu. Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Anataka mumia wa kupamba hoteli yake, basi. Akasema nisikose karatasi yenye muhuri."

"Kisha?"

"Nikalipeleka Kasri la Halfawi kwa Ustadhi Fikri. Likalala pale usiku mmoja, maana alisema anataka kulikagua kwa utulivu. Asubuhi akanipa karatasi, na Hamdan akalipakia kwenye lori lake."

"Ulilifungua tena?"

"Kwa nini nilifungue? Naifahamu kazi yangu. Nilipomwona tena tulikuwa kituoni, naye kavaa sura yangu ya dhahabu. Uliniweka mbali, ukaniuliza, hii ni yako? Nikasema ni yangu."

Wagdi alikunywa chai. Lori liliondoka Akhmim asubuhi. Kutoka Akhmim hadi kile kizuizi ni mwendo wa saa moja, hata kwa lori bovu. Lilikamatwa jua linatua.

"Bakhit, niletee Hamdan."

Hamdan dereva aliletwa kutoka mahabusu, mtu mpana mwenye masharubu yaliyotunzwa vizuri. Aliketi pembeni ya Mitwalli, akamwamkia Meja, akamwamkia Daktari, akamwamkia hata ajuza mwenye shali. Alipoulizwa alikuwa wapi mchana kutwa, alisema gari liliharibika.

"Liliharibika nini?"

"Mkanda."

"Nani alitengeneza?"

"Mwenyewe."

"Bakhit, mkanda wa lori lile ni mpya?"

"Una umri wa baba yangu, Basha."

Hamdan akatazama sakafu. Wagdi akasogeza kiti karibu. "Sikiliza, bwana. Ndani ya jeneza mlikuwa na mbuzi, sasa kuna maiti. Mabadiliko hayo yalifanyika mahali fulani, na wewe una mchana mzima usio na maelezo. Nikikupeleka kwa mwendesha mashtaka hivi, hutamwona tena mke wako."

"Yupi?" aliropoka Hamdan, kisha akafumba mdomo.

Mitwalli alitikisa kichwa taratibu. Ajuza alijisogeza benchi la karibu.

"Kumbe wako wangapi?" aliuliza Wagdi.

"Basha, nakuomba. Umm Hashim asijue. Ana kaka sita na wote ni wachinjaji."

Jina la yule wa pili lilikuwa Bahiyya, na aliishi kijiji cha pembeni ya barabara. Wagdi alimpigia simu papo hapo, akaweka sauti wazi. Bahiyya hakuwa na siri yoyote. Ndiyo, Hamdan alifika asubuhi. Alikula njiwa wawili waliojazwa ngano, akalala kama gunia. Lori? Lilikuwa mbele ya mlango wa mama yake, katikati ya mtaa, watu wote wanaliona. Jeneza? Ndiyo, lile sanduku refu. Kaka zake waliliketia mchana kutwa wakicheza domino, na mmoja alishindwa akakataa kuondoka mpaka alipize.

"Hakuna aliyelifungua?"

"Nani alifungue, ndugu, na makalio manne yamekaa juu yake? Hamdan amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mpikie njiwa wengine."

Hamdan alimbusu Meja begani kabla hajazuiwa. Wagdi akafuta jina lake. Kati ya karakana na lori palibaki mahali pamoja tu.

Kasri la Halfawi lilikuwa nyumba ya tajiri wa pamba aliyekufa zamani, vyumba viwili vya chini vikiwa makumbusho na vya juu vikiwa vya popo. Walivuka mto wakafika wakati wa alasiri. Ustadhi Fikri Lamlum aliwapokea akiwa na brashi ya manyoya mkononi, suti yake imepigwa pasi, tai imekazwa.

"Meja, karibu sana. Umekuja kunipa habari njema kwamba takataka ile imetupwa?"

"Ustadhi, tumempiga picha. Ni binadamu."

Brashi ilisimama hewani kidogo tu, kisha ikaendelea kupangusa. "Basi mbweha yule kanichezea. Aliniletea moja, akasafirisha nyingine."

"Ulimkagua vizuri?"

"Nilimkagua. Alikuwa feki."

"Usiku ule alilala wapi?"

"Hapa chini. Nilifunga mwenyewe."

"Kuna mwingine mwenye ufunguo?"

"Hakuna, wala hatakuwepo. Mlinzi analala nje ya geti. Ndani naingia mimi." Ustadhi Fikri aliinua brashi kuelekea chumba cha pili. "Kwa ajili ya huyu. Miaka thelathini, kila siku iliyotoka kwa Mungu nampangusa vumbi kwa mkono wangu. Namjua kuliko ninavyomjua mama watoto wangu. Mwizi akimgusa hata uzi, nitajua."

Wagdi akaingia kumtazama. Ndani ya sanduku la kioo, katika mwanga hafifu wa taa moja, alilala mumia wa Akhmim, fahari ya mji, amefungwa sanda ya rangi ya chai, bila sura ya jasi, bila pambo. Sanduku lilikuwa na kufuli. Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Wagdi alizunguka mara moja, akatazama kichwa, kifua, nyayo mbili zilizokaa bega kwa bega. Hakuona pengo lolote. Aliyetakiwa kuwepo alikuwepo.

"Ushauri wangu," alisema Ustadhi Fikri akiwasindikiza, "msimpige picha tena yule wenu. Mionzi inaunguza sanda. Mfungeni Mitwalli, mumia mniletee mimi nimhifadhi."

Bakhit alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kimya, jambo lisilo la kawaida yake. Alingoja mpaka walipofika kwenye gari.

"Basha," alisema, "Bibi Kiguru amepona."

"Nani?"

"Yule mle ndani. Mimi ni mtoto wa Akhmim. Kila mwaka mwalimu alikuwa anatuleta hapa, tunapanga mstari, tunapigwa tukicheka. Tulikuwa tunamwita Bibi Kiguru, maana mguu mmoja ulikuwa umerudi juu, nyayo hazikulingana. Wavulana tulikuwa tunatoka hapa tunachechemea mpaka nyumbani. Leo nimemwangalia, nyayo zimelingana kama askari kwenye gwaride."

Wagdi aliondoa mkono kwenye mlango wa gari.

"Mguu gani?"

Bakhit alifumba macho, akachechemea hatua chache uani kutafuta kumbukumbu yake, huku mlinzi wa geti akimkodolea. "Kushoto," alisema. "Kushoto, Basha."

Wagdi aliegemea gari. Alipozungumza alikuwa anajipangia mwenyewe.

"Tangu mchana najiuliza nani alihitaji maiti. Nilitakiwa kujiuliza nani alihitaji mbuzi. Mtu anayetaka kumtoa kwenye kioo mumia ambaye mji mzima unamjua ana shida mbili. Amtoe vipi nje ya mji, na aache nini mahali pake. Akiagiza mumia wa uwongo kwa fundi hodari, anapata vyote viwili kwa mpigo. Jeneza lenye karatasi halali, na bonge la kulaza kwenye kioo." Akatoa simu. "Muhuri akaupiga mwenyewe. Na kamati ilipokaa, yeye tu ndiye aliyekuwa na haraka ya kumrudishia Mitwalli mzigo wake."

"Nimkamate sasa hivi?"

"Kwa kosa gani? La kulinganisha nyayo? Kwanza tumpeleke hospitali Bibi Kiguru huyu aliyepona."

Mwendesha mashtaka alicheka kwenye simu, akauliza kama Meja amekula vizuri leo, kisha akatoa ruhusa. Ustadhi Fikri alipoisikia alipinga kwa sauti, akataja mionzi, akataja unyevu, akataja heshima ya wafu. Alipoona askari wameshashika sanduku la kioo, aliomba aende nao, amlinde.

"Ndivyo nilivyotaka," alisema Wagdi. "Panda mbele."

Daktari Irini alikuwa ameshavua koti lake jeupe tayari kwenda nyumbani. Alilivaa tena bila kulalamika. Ajuza mwenye shali alikuwa ameshafungwa plasta mkono wake na alikuwa huru kuondoka, lakini alikataa katakata.

"Mionzi itamwunguza," Ustadhi Fikri alirudia, mikono nyuma.

"Ustadhi, mionzi inawadhuru walio hai," alisema Daktari Irini. "Huyu ameshapita huko. Kaa pale, usimfanye aone haya."

Mitwalli alikuwa amesimamishwa nyuma ya kioo kilekile. Kitanda kikateleza ndani ya duara, mashine ikavuma. Kipande cha kwanza kilijitokeza kwenye skrini: pete moja nyeupe, nyembamba, mviringo kamili, na ndani yake weusi mtupu.

"Hewa," alisema Daktari Irini. "Fuvu halina unene huu. Huu ni udongo wa kuchoma. Na hapa juu kuna mdomo wake, na shingo."

"Gudulia," alisema Bakhit, akisoma kwenye daftari lake.

"La Qena," alisema Mitwalli kwa sauti ya chini.

Zikafuata mbavu, nyembamba, zimebanana, kifua chenye umbo la jahazi lililopinduliwa. Ikafuata taya ya mbuzi iliyosokomezwa ndani ya tumbo. Fundi aliungama kwamba hakutaka kuitupa. Yakafuata mapaja, nayo yalikuwa fito mbili za mbao, zimenyooka, urefu mmoja, na mwishoni mwake mabonge mawili ya jasi. Daktari Irini aliisogeza picha juu na chini, juu na chini, mabega yakimtikisika, mpaka akalazimika kuvua miwani ajifute macho.

"Miaka thelathini unampangusa vumbi," Wagdi alimwambia Ustadhi Fikri. "Unamjua kuliko mke wako."

Ustadhi Fikri alikuwa ameshika fundo la tai yake. "Mitwalli aliingia usiku akawabadilisha. Ni mwizi, kila mtu anajua."

"Kwa ufunguo gani? Umeniambia mbele ya sajini kwamba ufunguo ni mmoja, na ukaniambia mwizi akigusa hata uzi, utajua. Mbuzi amelala ndani ya kioo chako wiki nzima, Ustadhi. Ama hujui kutofautisha mbuzi na binadamu, na katika hali hiyo karatasi zote ulizowahi kupiga muhuri hazina maana, ama ulijua. Chagua."

Ustadhi Fikri alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Wagdi hakumharakisha.

"Sikumtafuta mteja," alisema hatimaye. "Alinitafuta yeye. Sauti ile ya simu si yangu, ni ya kwake. Anaishi Iskandaria, nyumba ya ghorofa mbili ufukweni, na vyumba vya chini amejaza vitu kama hivi."

"Jina?"

"Nitalisema mbele ya wakili."

"Utalisema. Bakhit, mpe maji, kisha mpeleke. Na mwambie yule mteja kwa simu ya Ustadhi kwamba mzigo ulichelewa kidogo, lakini unakuja." Wagdi akachukua ufunguo wa pingu, akamfungua Mitwalli mkono uliobaki. "Wewe kalale nyumbani. Kesho asubuhi utoe maelezo kwa mwendesha mashtaka, uje kwa miguu yako mwenyewe."

"Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi ni shahidi. Atabaki na sisi."

Bibi Kiguru alikuwa bado kwenye chumba cha pembeni, amelazwa kwenye ubao, ile sura ya dhahabu imetolewa na kuwekwa kando. Mitwalli, mikono yake ikiwa huru, hakwenda nyumbani. Aliingia pale, akasimama. Daktari Irini akamfuata, na kwa kuwa mzee aliuliza, akamwonyesha tena picha ya paja.

"Kuvunjika hivi, mtu halali wiki mbili akaamka," alisema. "Analala miezi. Hawezi kwenda mtoni, hawezi kusaga, hawezi hata kujigeuza. Na mfupa haukuoza wala hakufa njaa. Maana yake kuna mtu alimletea maji kila siku. Kuna mtu alimgeuza."

"Mumewe?"

"Mashine haisemi. Mama, dada, jirani. Mtu."

Mitwalli aliusogelea ubao. Kisha akapima kwa shubiri urefu wa ule ubao, mara mbili, kama afanyavyo fundi asiyeamini kipimo cha kwanza.

"Basha," alisema kumwambia Wagdi aliyekuwa mlangoni, "jeneza langu mmelichukua?"

"Ni ushahidi."

"Basi arudi kwenye kile kioo bila jeneza? Nina mbao za mkuyu zimekauka vizuri, nilizificha kwa kazi ya maana. Nitamtengenezea la kwake. Safari hii si la kudanganya macho ya mtu."

"Makumbusho hayatakupa kitu."

"Sikuuliza watanipa nini."

"Fundi," alisema Daktari Irini, "umechonga majeneza maisha yako yote. Umewahi kuweka jina lako hata kwenye moja?"

"Nani anaweka jina kwenye uwongo, Daktari? Nimeandika majina ya wafalme mpaka vidole vikaota sugu. Langu sijawahi." Alikuwa ameshashika penseli ya Bakhit, aliyoichomoa nyuma ya sikio lake wakati sajini akimchukua Ustadhi, na kuanza kuandika vipimo kwenye kiganja chake. "Hili nitaliandika upande wa ndani, karibu na kichwa, pasipoonekana na watu. Mitwalli mwana wa Abu Dahab, fundi wa Akhmim, amelitengeneza hili, nalo ni la kweli."